Ova tisa za John Nagenda: Miaka 50 tangu Afrika Mashariki icheze Kombe la Dunia

Juni 14, 2025 ilitimia miaka 50 tangu John Nagenda, mtoto wa mhubiri aliyezaliwa ng'ambo ya Mto Kagera, ashike mpira mwekundu wa ngozi katika uwanja wa Edgbaston, mjini Birmingham, na kuwarushia wapigaji wa Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 37. Timu yake iliitwa Afrika Mashariki, na mashindano yalikuwa Kombe la Dunia la kwanza la kriketi ya wanaume. Hapa Kibeta, Bukoba, siku hiyo ilipita bila mtu kuitaja. Watu walikuwa wakibishana kuhusu usajili wa Simba na Yanga, wengine wakihesabu siku za kahawa kukauka.

Kuisahau habari hii ni hasara, hasa kwetu sisi wa mkoa wa Kagera. Nagenda alizaliwa jirani yetu, akalelewa katika imani iliyowahi kuutikisa mkoa huu, na akaichezea Afrika Mashariki wakati nchi za kanda zilikuwa hazisalimiani. Mambo ninayoyaeleza hapa nimeyatoa sehemu mbili: kwenye kadi ya matokeo ya mechi ile, na kwenye habari za maisha yake zilizochapishwa alipofariki Machi 4, 2023.

Mtoto wa uamsho

Gahini ni kilima kinachotazama Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Maji ya Muhazi huishia Mto Nyabarongo, Nyabarongo huingia Kagera, na Kagera huja kumwaga katika ziwa letu, Victoria. Juu ya kilima hicho Waanglikana walijenga misheni na hospitali. Katika miaka ya 1930, wakati daktari wake akiwa Mwingereza Joe Church, Gahini ikawa moja ya vitovu vya uamsho wa walokole, watu waliosimama hadharani kuungama dhambi na kuimba "Tukutendereza".

William Nagenda, Mganda aliyekuwa amesoma na kuajiriwa serikalini, aliacha kazi akaenda huko kuwa mwinjilisti. Mwanawe John alizaliwa Gahini Aprili 25, 1938.

Mtu wa Bukoba au Muleba hahitaji kuelezwa sana uamsho huo. Ulivuka mpaka ukaingia Buhaya mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1930, ukagawa sharika na nyumba kabla ya kukubalika. Askofu Josiah Kibira, mwana wa Kashenye, alitoka katika mkondo huo na baadaye akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni, kuanzia 1977 hadi 1984. Kwa hiyo nyumba aliyokulia Nagenda, yenye sala za alfajiri na wageni wasiokatika, wazee wetu wengi wanaijua kwa sababu walikulia katika nyumba za namna hiyo.

William hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Mwaka 1941, akiwa chuo cha theolojia cha Askofu Tucker pale Mukono, Uganda, yeye na wenzake waligombana na uongozi wa chuo. Walitakiwa kuacha kukutana na kuhubiriana alfajiri, wakakataa. Wanafunzi 26 wakafukuzwa. William hakupata upadri, lakini akawa mhubiri mashuhuri kuliko wengi waliobaki chuoni. Familia ikahamia Namutamba, kwenye shamba la chai la Mwingereza aliyekuwa mlokole mwenzao. John alikulia huko, katika nyumba ambayo baba alifukuzwa chuo kwa sababu ya neno lake na hakulifuta. Ukifuatilia maisha ya mtoto utaiona tabia hiyo ikijirudia.

Kalamu na mpira

Alipitia King's College Budo, shule ambayo kriketi ilikuwa sehemu ya maisha yake kama ilivyokuwa kanisa na darasa. Kisha akaingia Makerere kusoma Kiingereza. Huko alikuwa mhariri wa jarida la wanafunzi, Penpoint, na mwaka 1962 alikuwamo katika mkutano maarufu wa waandishi wa Afrika uliofanyika chuoni hapo, ambako kijana mwingine, James Ngugi, aliyekuja kujulikana kama Ngugi wa Thiong'o, alikuwa anaanza kutafuta wa kumsomea mswada wake. Nagenda alitoa kitabu cha watoto, Mukasa, mwaka 1973, na riwaya The Seasons of Thomas Tebo mwaka 1986.

Uwanjani alikuwa mrushaji wa kasi, na kazi hiyo inafaa ielezwe kwa wasomaji waliokulia kwenye soka. Mrushaji wa kriketi huja mbio, hufika kwenye mstari na kuuachia mpira mkono ukiwa juu. Haruhusiwi kuukunja mkono na kuunyoosha wakati wa kutupa kama anayerusha jiwe. Akifanya hivyo refa anaukataa mpira. Mbele yake, umbali wa mita 20 na kidogo, yuko mpigaji mwenye gongo la mti, na nyuma ya mpigaji vimesimama vijiti vitatu. Kwa kawaida mpira hudunda chini mara moja kabla ya kumfikia mpigaji. Una mshono wa nyuzi uliotuna, unaouzunguka katikati. Ukiangukia mshono, mpira unaweza kukata kushoto au kulia kwa namna ambayo hata aliyeurusha hawezi kuiapia. Wachezaji husugua upande mmoja kwenye suruali hadi ung'ae na kuuacha wa pili ukwaruzike, ili mpira upinde hewani. Mipira sita halali ni ova moja. Mrushaji hutafuta wiketi, yaani kumtoa mpigaji; mpigaji hutafuta mikimbio.

Wamarekani wana ndugu wa mchezo huu, besiboli, na mrushaji wao husimama mita 18 na nusu kutoka kwa mpigaji na kuupeleka mpira bila kudunda. Mwanzoni mwa karne ya 20 mmoja wa warushaji wao wakubwa alikuwa Christy Mathewson wa New York Giants. Alikuwa amesoma chuo kikuu, Mkristo aliyekataa kucheza Jumapili, na mwaka 1912 kitabu kuhusu kurusha mpira kilitoka kwa jina lake. Mwaka 1905 alishinda mechi tatu za fainali ndani ya siku sita bila wapinzani kupata pointi hata moja. Alifariki 1925, na mwaka 1936, walipoanza kuwachagua watu wa kuingizwa katika jumba la heshima la besiboli linalokaa Cooperstown, alikuwa mmoja wa watano wa kwanza. Leo mtoto wa Marekani anaweza kupelekwa pale akaambiwa huyu ndiye aliyekuwa hodari kabla babu yako hajazaliwa. Mtoto wa Kampala, Nairobi au Bukoba hana mahali pa namna hiyo pa kuelezwa habari za Nagenda.

Juni ya mwaka 1975

Ili kuuelewa uzito wa mechi ya Edgbaston ni lazima ukumbuke hali ilivyokuwa kwetu. Mkoa huu ulikuwa unaitwa Ziwa Magharibi. Miaka mitatu nyuma, Septemba 1972, ndege za Idi Amin zilikuwa zimelipua mabomu hapa Bukoba baada ya wakimbizi wa Uganda kuvuka kutoka Tanzania kujaribu kumpindua. Mwalimu Nyerere hakukubali kukaa meza moja na Amin, na wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakuwa wamekutana tangu mapinduzi ya Amin ya 1971. Jumuiya ilikuwa hai kwa jina, na miaka miwili baadaye ikafa.

Huko Uganda, amri ya Agosti 1972 iliwapa Waasia siku 90 za kuondoka. Ilifunga maduka, na pamoja na maduka iliiharibu kriketi, maana wachezaji na klabu nyingi walikuwa wa jamii hiyo. Waliobaki kuubeba mchezo ni vijana wa Kiafrika waliojifunzia katika shule kama Budo. Ndiyo maana wakati kikosi cha Kenya, Tanzania na Zambia kilikuwa cha Waasia na Wazungu, Uganda ilileta Waafrika wawili: Sam Walusimbi, mpigaji wa kufungua, na John Nagenda.

Mwezi huohuo wa Juni, mahakama ya kijeshi ya Amin ilimhukumu kifo mwalimu wa Kiingereza, Denis Hills, kwa alichokuwa amemwandika Amin katika mswada wa kitabu. Uingereza ililazimika kumpeleka Waziri wake wa Mambo ya Nje, James Callaghan, hadi Kampala Julai kwenda kumchukua. Mwishoni mwa Julai wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Kampala, na Tanzania, Zambia na Botswana zikasusia.

Sasa weka tarehe hizo karibu karibu. Wiki chache kabla ya Tanzania na Zambia kukataa kukanyaga Kampala, Shiraz Sumar na Praful Mehta wa Tanzania, Parbhu Nana, Yunus Badat na Hamish McLeod wa Zambia, Walusimbi na Nagenda wa Uganda, na Wakenya wakiongozwa na nahodha Harilal Shah, walikuwa timu moja nchini Uingereza. Marais wao walishindwa kukaa chumba kimoja, wao walikuwa wanatumia chumba kimoja cha kubadilishia nguo.

Mechi tatu

Nchi nane zilicheza. Sita ndizo zilizokuwa na hadhi ya juu ya mchezo huo, yaani Uingereza, Australia, West Indies, India, Pakistan na New Zealand. Afrika Kusini ilikuwa imefungiwa nje kwa ubaguzi wake. Sri Lanka na Afrika Mashariki zikaalikwa kujaza nafasi mbili. Kila timu ilipiga ova 60, wachezaji wakiwa wamevaa nyeupe.

Mechi ya kwanza ilikuwa Juni 7 na New Zealand, hapohapo Edgbaston. Glenn Turner peke yake alipata mikimbio 171 bila kutolewa, timu yake ikafikisha 309. Afrika Mashariki ikajibu kwa 128, Frasat Ali akipata 45. Juni 11 walikwenda Leeds kucheza na India. Bishan Bedi alirusha ova 12, na katika ova nane hakutoa hata mkimbio mmoja. Kwa jumla alitoa sita tu. Afrika Mashariki ikatolewa yote kwa 120, licha ya Jawahir Shah kupata 37. India ikaifikia idadi hiyo bila kupoteza mpigaji, na huo ukawa ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia.

Nagenda hakucheza mechi hizo mbili. Zamu yake ilifika Jumamosi, Juni 14, mbele ya wenyeji.

Waingereza walianza kupiga. Dennis Amiss na Barry Wood walifungua, na hawakuwa na haraka ya kutoka: Amiss alifika 88, Wood 77. Frank Hayes akaongeza 52. Mwisho wa ova 60 Uingereza ilikuwa na mikimbio 290 kwa wiketi tano, na tatu kati ya hizo zilikwenda kwa Zulfiqar Ali wa Kenya.

Mstari wa Nagenda kwenye kadi ni mfupi: ova tisa, mikimbio 50, wiketi moja. Ni mipira 54. Kwa hesabu alitoa zaidi kidogo ya mikimbio mitano kwa kila ova, ghali kuliko wenzake kwa wastani. Lakini mtu wa miaka 37, anayeishi kwa kalamu, mwenye nchi ambayo kriketi yake ilikuwa imevunjwa miaka mitatu kabla, alikimbia akarusha mara 54 dhidi ya watu walioajiriwa kwa kazi hiyo moja tu, na mmoja wao akamtoa. Wiketi ile iko katika vitabu vya kumbukumbu za Kombe la Dunia, na jina lililoandikwa mbele yake ni la mtoto wa Gahini.

Mhubiri na mhubiri

Afrika Mashariki ilipoingia kupiga, mtu aliyewavunja alikuwa John Snow. Alirusha ova 12, sita kati ya hizo bila kutoa mkimbio. Akatoa 11 tu na kuchukua wiketi nne. Timu yetu ikatolewa kwa 94, Ramesh Sethi akiwa amevumilia muda mrefu kupata 30. Uingereza ikashinda kwa mikimbio 196.

Wanaohadithia mechi hiyo huishia kwenye tofauti hiyo ya 196. Mimi naona jambo jingine lililostahili kuandikwa siku ile. Snow alikuwa mtoto wa kasisi wa Kianglikana. Alikuwa mkaidi, mtu wa kugombana na viongozi wa mchezo wake, na mwaka uliofuata alitoa kitabu cha maisha yake alichokiita Cricket Rebel, akijitangaza muasi. Tena alikuwa mshairi: kufikia siku ile alikuwa ameshachapisha vitabu viwili vya mashairi, Contrasts na Moments and Thoughts. Upande wa pili alikuwapo Nagenda, mtoto wa mhubiri wa Kianglikana aliyefukuzwa chuo kwa ukaidi, mwandishi aliyechapishwa, naye mrushaji wa kasi. Katika uwanja mmoja, siku moja, walirusha mpira watoto wawili wa wahubiri, wote wawili watu wa kalamu, mmoja kutoka kijiji cha Worcestershire na mwingine kutoka kilima cha Muhazi.

Fikra iliyozoeleka ya wakati ule ilikuwa kwamba timu kama yetu imealikwa kujaza nafasi. Ukitazama idadi ya mikimbio, unaweza kukubali. Ukitazama watu, unakuta Birmingham siku ile ilikutanisha waliolingana kwa elimu, malezi na ujasiri, na kutenganishwa na kitu kimoja: Snow alikuwa na ligi ya kulipwa, viwanja na makocha nyuma yake, Nagenda alikuwa na shule yake na mapenzi yake. Pengo la 196 lilitengenezwa na miaka ya maandalizi, na ndilo pengo tunalolilea hadi leo katika michezo mingi tukidhani ni la vipaji.

Walikokwenda

Don Pringle, Mkenya mwenye asili ya Uingereza aliyekuwa na miaka 43, alifariki kwa ajali ya gari jijini Nairobi Oktoba mwaka huohuo, akitoka kwenye mechi aliyochukua wiketi sita. Mwanawe Derek alikuja kuichezea Uingereza na kufika fainali ya Kombe la Dunia ya 1992.

Nagenda aliishi uhamishoni Uingereza. Museveni alipoingia madarakani 1986, aliteuliwa kuwa mjumbe wa tume ya kuchunguza ukiukwaji wa haki za binadamu chini ya serikali zilizotangulia, kazi iliyowaletea mbele wajane na walioteswa kutoka kila pembe ya Uganda. Kisha akawa mshauri mwandamizi wa Rais kwa mambo ya habari, na kwa miaka mingi aliandika safu katika gazeti la New Vision. Humo kriketi haikukosa nafasi, na hakuona haya kuwakosoa hata aliokuwa anawatumikia.

Timu yenyewe ilimeguka. Kenya ikaanza kushiriki peke yake mwaka 1982, ikaifunga West Indies mwaka 1996 na kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003. Jina la Afrika Mashariki likageuka kuwa Afrika Mashariki na Kati, kisha likatoweka. Tanzania ikawa mwanachama mshirika wa shirikisho la dunia mwaka 2001. Juni 2024, mwaka mmoja na miezi mitatu baada ya Nagenda kufa, Uganda ilicheza Kombe la Dunia la ova 20 na kuifunga Papua New Guinea kule Guyana. Mrushaji Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alitoa mikimbio minne tu katika ova nne na kuchukua wiketi mbili. Waliocheka umri wa Nagenda mwaka 1975 wangetakiwa kumwona Nsubuga.

Tunachodaiwa

Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa kwa pamoja uenyeji wa AFCON ya 2027, na kila hotuba inasema tunaandika historia kwa kushirikiana. Ni jambo la kujivunia, lakini historia hiyo ina ukurasa wa kwanza, na uliandikwa Uingereza mwaka 1975 na watu 14 ambao walikubali kuwa wamoja wakati kukubali kulikuwa kugumu. Kuwanyamazia ni kujidhulumu wenyewe.

Deni hili halihitaji fedha nyingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa ina makao makuu mazuri Arusha, yenye kuta za kutosha. Majina ya wachezaji hao 14 na matokeo ya mechi zao tatu yawekwe pale, pamoja na nchi walizotoka, Zambia ikiwamo. Walimu wa michezo wa Bukoba na Muleba wawaeleze wanafunzi kwamba jirani wa Kagera aliwahi kurusha mpira katika Kombe la Dunia, na aliyebakiwa na gongo na mpira tangu siku za zamani avipeleke shuleni. Na waandishi wa michezo wa kanda hii watafute waliobaki hai katika kikosi kile, waketi nao na kuwaandika sasa hivi. Nagenda alijiandika mwenyewe kwa sababu alikuwa na kalamu. Wenzake wengi hawakuwa nayo, na kazi ya kuwaandika ni yetu.